Mti Mgeni Twaukata, Kopo Geni Twalipigia Magoti

Mwaka jana, nikiwa safarini kikazi katika wilaya moja ya kusini, nilifika katika shule ya msingi ambayo uwanja wake ulikuwa umevuliwa nguo. Mikorosho kumi na minne, iliyopandwa na wazazi kwa nguvu zao wenyewe na kupaliliwa na wanafunzi wa miaka mingi, ilikuwa imelazwa chini. Visiki vilikuwa bado vinatoa utomvu. Nilipomwuliza Mwalimu Mkuu kulikoni, aliingia ofisini mwake akatoka na barua yenye mhuri. Barua ile iliagiza kwamba, katika kutekeleza kampeni ya hifadhi ya mazingira, kila taasisi iondoe "miti isiyo ya asili" na kupanda badala yake miti ya asili, na taarifa ya utekelezaji ifike wilayani kabla ya mwisho wa mwezi.

"Ndugu mwandishi," akaniambia, "mimi ni mtumishi. Barua imekuja, nimetekeleza, na taarifa nimepeleka."

Korosho za miti ile ndizo zilizokuwa zikinunua unga na sukari ya uji wa watoto. Hilo peke yake lingetosha kumkosesha usingizi mtu mwenye dhamana. Lakini kulikuwa na la pili, ambalo macho ya mwandishi wa barua hayakuliona. Shule ile ina karakana ndogo ambamo watoto hufundishwa kuchonga miiko, vibao vya mbuzi na mabakuli. Mwalimu wa stadi za kazi, mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu, alikuwa na desturi ya kukusanya maganda yanayobaki baada ya korosho kubanguliwa, kuyakaanga katika debe lililotobolewa chini, na kukinga mafuta meusi yanayochuruzika. Mafuta hayo ndiyo aliyoyapaka kwenye miguu ya madawati na nguzo za ua. Mchwa wa sehemu zile, ambao hawana huruma na mali ya umma, walikuwa wakiyapita madawati yale kama mdaiwa apitavyo mlango wa mdai wake.

Jioni ya siku ileile nilikwenda kwenye ofisi iliyotoa barua. Nilipokewa kwa heshima, kwa hilo sina lawama. Nikaketishwa mbele ya meza kubwa ya mninga iliyong'aa hata nikauona uso wangu ndani yake. Mwenyeji wangu alipoona naitazama, aliipapasa kwa kiganja akaniambia kwa fahari kwamba mafuta yaliyopakwa juu yake yametoka Ulaya, "si haya ya kubahatisha ya kwetu". Kopo lenyewe lilikuwa bado liko juu ya kabati, limewekwa kama kikombe cha ushindi wa mpira.

Nimeifikiria sana meza ile tangu siku hiyo. Mtu mmoja, katika ofisi moja na kwa kalamu moja, ameuhukumu mti ukatwe kwa kosa la kutoka ng'ambo, na amelitukuza kopo kwa sifa ya kutoka ng'ambo. Yeye haoni mgongano wowote. Wala si yeye peke yake. Ningekuwa namsema yeye tu nisingepoteza karatasi. Namsema kwa sababu fikra hiyo imeenea katika maofisi yetu na katika vyumba vya walimu, nayo inajiita uzalendo wakati wa asubuhi na maendeleo wakati wa jioni. Kwangu mimi hiyo ni kasumba ileile ya zamani iliyobadili koti: uvivu wa kukipima kitu kwa kazi yake, na badala yake kuuliza kimetoka wapi.

Tuanze na mti. Mkorosho ni mgeni, jambo hilo halina ubishi. Asili yake ni kaskazini-mashariki ya Brazil, na Wareno ndio walioufikisha katika pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 16. Basi kama ugeni ni kosa, mwandishi wa barua asiishie kwenye mkorosho. Ang'oe na muhogo, uliotoka Amerika ya Kusini. Ang'oe mahindi, yaliyotoka Meksiko. Afike Tanga akang'oe mkonge ulioletwa na Dakta Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893, kisha avuke bahari hadi Unguja na Pemba akaikate mikarafuu, ambayo kwao ni visiwa vya Maluku. Akimaliza kazi hiyo arudi nyumbani aone atakula nini, na mshahara wake utalipwa kwa fedha gani.

Wazee wetu walilitatua jambo hili zamani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya tatu mfukuze. Mkorosho ulipewa jembe zaidi ya karne nne zilizopita, nao umelima: Mtwara, Lindi, Tunduru na Mkuranga ni mashahidi.

Hata hivyo sitaki msomaji, hasa mwalimu wa sayansi, adhani kwamba natetea kila kiletwacho. Wapo wageni walioingia nchini wakauchukua uwanja, wakamfukuza mwenyeji na kukaa kitandani mwake. Hao ndio wavamizi, nao wanastahili vita. Kinachotakiwa ni kujua tofauti. Mmea mgeni ni ule uliovushwa na binadamu, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, kutoka kwao hadi mahali ambapo usingefika wenyewe. Mmea vamizi ni ule ambao, ukishafika, huzaana bila kusaidiwa na mtu, hutoka shambani ukaingia porini au majini, na huko ukawadhuru waliokuwapo. Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho pana safari ndefu, na mimea iliyo mingi hufia njiani. Ukiacha kuipalilia, magugu huishinda. Hata Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai wa mwaka 1992, ambao nchi yetu imeuridhia, unapozungumzia spishi ngeni hauamuru zote zifagiliwe. Unazitaja zile zinazohatarisha mifumo ya ikolojia, makazi ya viumbe na spishi nyingine. Ningependa kujua kama aliyeandika barua ile aliusoma mkataba anaodai kuutekeleza.

Mwenye shaka na aende Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Pale Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902, wakapanda mamia ya aina za miti na mimea kutoka pembe zote za dunia, kwa kutafuta ipi itawaletea faida. Zaidi ya miaka mia moja imepita. Mingi katika mimea hiyo ama ilikufa ama imebaki palepale ilipopandwa, imezeeka kwa adabu. Michache tu ndiyo iliyoruka ua na kuingia msituni. Mmoja wa hiyo michache ni msizi, ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii. Huo ndio mti ambao natamani kila mtumishi wa idara ya misitu auweke juu ya meza yake badala ya kopo. Kwa maana msizi si mgeni wa Tanzania. Mkoani Kagera, na katika misitu mingine inayozunguka Ziwa Victoria, msizi ni mwenyeji halisi. Ulipopelekwa Tanga na kupandwa kwa ajili ya mbao na kufunika ardhi iliyokatwa miti, hondohondo walikula matunda yake, wakazisambaza mbegu katikati ya msitu wenye mimea isiyopatikana mahali pengine duniani, nao ukaanza kujaza kila pengo ambamo miti ya Usambara ilipaswa kuota.

Sasa tuiweke barua mezani. Kwa mujibu wa barua ile, msizi ungeachwa, kwa kuwa ni mti wa asili wa Tanzania. Una cheti cha kuzaliwa na kadi ya uraia. Mkorosho uliosimama katika uwanja wa shule pasipo kumdhuru hata mwiba wa porini ungekatwa. Na ndivyo ilivyokuwa. Mimea haijui mipaka tuliyochorewa na wakoloni. Huujua udongo, mvua, na adui aliyemwacha nyuma.

Mfano mwingine uko kando ya barabara zetu, hauhitaji safari ya posho. Alizeti tunayoilima Singida na Dodoma ilitoka Amerika ya Kaskazini. Alizeti pori, ile ya maua ya njano inayosimama kama ukuta kando ya mabarabara ya nyanda za juu, ni jamaa yake wa karibu, nayo ilitoka Meksiko na nchi jirani zake. Zinatoka upande mmoja wa dunia, na sura zao zinafanana hata mtoto huzichanganya. Ya kwanza isipopandwa mwaka huu, mwakani haipo. Ya pili hujipanda yenyewe, ikishika mahali haitoki. (Wakulima wengine huikata majani wakayafukia kuwa mbolea ya kijani, nami nawapa heko, lakini hawaipandi, wanaipunguza.) Je, kwa kipimo cha barua ile, tofauti hiyo ingeonekana?

Gugumaji nalo lilitoka Amerika ya Kusini. Lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka michache lilifunga mialo, likazuia mitumbwi, likawanyima samaki hewa. Lilipigwa kwa mapanga na kwa mashine, lakini pigo moja kubwa lililipata kutoka kwa mbawakavu wadogo walioachiliwa ziwani katika miaka ya 1990. Na mbawakavu hao kwao ni wapi? Amerika ya Kusini vilevile. Mvamizi alipunguzwa na mgeni aliyechunguzwa kwanza kwa makini, akaonekana kwamba hali kitu kingine, ndipo akapewa jembe. Jambo hilo lifundishwe katika kila darasa la biolojia.

Hapa napenda kusema neno ambalo huenda likawaudhi rafiki zangu wa vyama vya ushirika vya kazi za mikono. Kina mama wengi kandokando ya ziwa hulikausha gugumaji wakalisuka vikapu, viti na mikeka, na kazi yao ni nzuri. Kuifanya adha iwe riziki ni busara. Lakini kazi ya mkono isigeuzwe kuwa wakili wa mvamizi. Siku tutakapoanza kusikia kwamba gugumaji lisimalizwe kwa sababu kikundi fulani kinalitegemea, tujue tumepotea njia. Jirani zetu wa Kenya walionja uchungu huo kwa njia nyingine. Mti wa mathenge ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa, ya kuzuia jangwa na kupata kuni. Ukafunga malisho, na mbuzi waliokula maganda yake matamu wakaoza meno. Mwaka 2006 wafugaji wa huko walikwenda mahakamani kuishitaki Serikali yao, na miongoni mwa vielelezo walivyopeleka alikuwamo mbuzi asiye na meno. Aliyeupanda mti ule naye, nina hakika, alikuwa na barua yenye mhuri.

Mwarobaini uko katikati. Uliletwa kutoka Bara Hindi, na hakuna nyumba ya pwani isiyoujua. Wachongaji wengi wa Kenya waliugeukia, pamoja na mwembe na mjakaranda, walipoona mpingo na miti mingine ya asili inakwisha. Kwa hiyo mti mgeni umewapunguzia mzigo wenyeji. Lakini ndege na popo huzisambaza mbegu zake, na katika vichaka na misitu ya pwani umeanza kujichukulia nafasi. Nini hukumu yake? Hukumu yake ni kwamba ukae kijijini, uchongwe, mbegu zake zikamuliwe, na uzuiwe kuingia msituni. Hukumu ya namna hiyo inataka mtu atoke ofisini akatazame. Amri ya "ondoeni yote" haimtaki mtu atoke ofisini, na nadhani ndiyo sababu inapendwa.

Sasa tuje kwenye kopo.

Nililiomba, nikasoma maandishi yake. Yalikuwa mafuta ya mbegu za kitani, yaliyochemshwa na kutiwa dawa ya madini ili yakauke upesi. Ni mafuta mazuri, sitayasingizia. Mafundi wa Ulaya wameyatumia kwa karne nyingi kwa sababu moja ya kisayansi: yakipakwa juu ya ubao hunyonya oksijeni ya hewa na kugeuka kutoka maji kuwa ngozi ngumu. Mafuta ya namna hiyo ndiyo yanayoitwa mafuta yakaukayo. (Walimu wa karakana wazingatie: tambara lililolowa mafuta hayo likikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto lenyewe na huweza kuwaka moto bila kiberiti. Litandazwe nje mahali penye hewa likauke, au litiwe katika maji.) Mafuta ya nazi hayakauki hata yakingojwa mwaka mzima. Ya karanga kadhalika. Ndiyo maana bakuli lililopakwa mafuta ya nazi hupendeza siku ya soko, na baada ya miezi hunuka uvundo. Mwenyeji wangu aliposema "haya ya kubahatisha ya kwetu" hakuwa amekosea kabisa, na kwa hilo nampa haki yake. Tunabahatisha. Katika masoko ya vinyago, Mwenge ya Dar es Salaam ikiwamo, mti mweupe hupakwa dawa ya viatu ukauzwa kama mpingo, na mnunuzi akifika kwao mikono imekuwa myeusi. Nguzo za nyumba hupakwa oili chafu iliyomwagwa na magari. Mpingo wenyewe, ambao ni mzito hata huzama majini, hauhitaji hila hizo. Ukipigwa msasa vizuri na kusuguliwa hung'aa kwa nguvu zake. Dawa ya viatu imeingia kuficha ukweli kwamba mpingo unazidi kuadimika.

Lakini kubahatisha si tabia ya mafuta yetu, ni tabia yetu sisi. Mabaharia wa pwani hii hawakubahatisha. Jahazi lilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, sehemu ya juu ya maji, na shahamu iliyochanganywa na chokaa sehemu ya chini. Wakasafiri hadi Arabuni na kurudi. Walijua mafuta yapi yanafanya nini kwa sababu aliyekosea alizama.

Chukua mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika. Huu ni mwana wa Afrika ya Mashariki na pembe ya kaskazini ya bara letu, huota hata jalalani. Mafuta yake yakiwa mabichi hayakauki, na fundi akiyapaka juu ya kiti atavuna vumbi. Lakini yakipikwa kwa joto kali pamoja na kichocheo, hadi maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake yatoke, hugeuka kuwa mafuta yakaukayo, na viwanda vya rangi na vanishi duniani huyathamini kwa kuwa hayageuki manjano upesi kama ya kitani. Mbegu ya mnyonyo inatoka Afrika, inakamuliwa na kupikwa ng'ambo, kisha inaturudia ndani ya kopo tunaloliweka juu ya kabati. Na kwa wale wanaoabudu neno "asili" naongeza hili: mnyonyo wetu huyu mwenyeji huhesabiwa kuwa mvamizi huko Australia na katika visiwa vya Hawaii. Kumbe hata sisi tunapeleka wavamizi.

Chukua alizeti. Mafuta yake hukauka nusunusu: ukiyapaka kwa wingi hubaki yananata, lakini ukiyapaka membamba sana, ukafuta yaliyozidi, ukaanika kwa siku kadhaa na kurudia, ubao huyanywa na kutulia. Ukiyayeyushia nta ya nyuki kidogo, unapata kipako kisicho na sumu kinachofaa bakuli la chakula na mwiko. Nta hiyo Tabora wanayo, na wamekuwa wakiiuza nje tangu enzi za ukoloni. Nilimwona mwalimu yule wa stadi za kazi akifanya hivyo mbele yangu juu ya jiko la mkaa, kwa kikopo cha nyanya na kijiti, na bakuli alilonipa liko juu ya meza ninapoandika. Halijanuka.

Lakini mali kubwa kuliko zote iko ndani ya ganda la korosho. Ganda hilo lina mafuta yapatayo robo ya uzito wake. Mabichi huunguza ngozi kama moto, kila mbanguaji ana alama zake mikononi, na kwa hiyo si mafuta ya bakuli wala ya mwiko, wala mtoto asiyashike. Yakishapikwa, hata hivyo, hukinga mbao dhidi ya mchwa na maji, na huingia katika rangi, vanishi na vitambaa vya breki za magari. Mkorosho ni wa ukoo mmoja na mti ambao Wajapani na Wachina hutoa utomvu wa laka yao mashuhuri, na Wajapani wametengeneza laka ya bei nafuu kutokana na mafuta ya ganda la korosho, wakaiita kwa jina hilohilo la korosho. Vyombo vya mbao vilivyopakwa laka hiyo huuzwa kwa heshima kubwa.

Nasi tunafanya nini? Sehemu kubwa ya korosho yetu imekuwa ikisafirishwa ghafi hadi India na Vietnam, ikiwa ndani ya ganda lake. Ganda ni zaidi ya nusu ya uzito wa korosho ghafi. Maana yake tunalipakia ganda katika meli, tunalivusha bahari, na mafuta yaliyomo tunayatoa sadaka. Katika miaka ya 1970 nchi hii ilijenga viwanda zaidi ya kumi vya kubangua korosho. Kufikia miaka ya 1980 vingi vilikuwa vimefungwa milango, vipuri hakuna na korosho haitoshi, kwa makosa ambayo mengine yalikuwa yetu wenyewe. Sisemi hayo kwa kufukua makaburi. Nasema kwa sababu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipozungumzia kujitegemea halikuwa na maana ya kukata kila kilichoota kutoka mbegu ya ng'ambo. Lilikuwa na maana ya kwamba kilichomo mikononi mwetu tukifanyie kazi wenyewe mpaka mwisho, na ganda la korosho liko mikononi mwetu.

Yupo atakayeniambia: Ndugu, uliyaona ya mbono kaburi? Niliyaona. Mbono kaburi nao ni mgeni kutoka Amerika ya Kati. Kwa miaka mingi ulisimama kama ua wa makaburi na mazizi, kama jina lake linavyosema, na sehemu nyingi haukuvuka hata njia ya miguu. Kisha katika miaka ya 2000 ikavuma habari kwamba mafuta yake yataendesha magari ya Ulaya, na makampuni ya nje yakapewa maelfu ya hekta katika wilaya za Kilwa na Kisarawe. Kufikia mwaka 2011 miradi hiyo ilikuwa imeanguka, na wanavijiji wamebaki wakiuliza ardhi yao ni ya nani. Katika mkasa ule mmea haukumvamia mtu. Kilichovamia kilikuwa mkataba, na kilipigiwa mihuri na watu wenye meza zinazong'aa. Ndiyo maana nasisitiza macho yetu yafumbuliwe mahali panapostahili.

Nchi ina vyombo vya kuifanya kazi hii. Ipo Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na mamlaka iliyoundwa kwayo. Kazi ya kusema mmea upi ni vamizi, na wapi, ifanywe na wenye ujuzi huo, kwa orodha inayotaja jina la mmea na mahali, si kwa neno "kigeni" lililotupwa katika barua ya jumla. Kituo cha Naliendele, Mtwara, kinaujua mkorosho kuliko mtu yeyote katika ofisi niliyoitembelea. SIDO imekuwapo tangu mwaka 1973, na debe la mwalimu yule lingeweza kugeuzwa kuwa mtambo mdogo salama wenye bomba la moshi na glavu za mikono. Vyuo vya ufundi viwape wanafunzi mtihani wa kupaka ubao kwa alizeti na nta, na mtihani mwingine wa kueleza kwa nini nazi haifai. Walimu wa sayansi wawapeleke watoto barabarani wakatazame alizeti mbili. Haya hayahitaji mfadhili wala semina ya siku tano hotelini.

Kwa wenzangu watumishi wa umma nina ombi dogo zaidi. Kabla ya kutia saini amri ya kukata, uliza maswali matatu: mmea huu unajizalisha wenyewe nje ya mahali ulipopandwa? Unamdhuru nani? Nani anakula kwa ajili yake? Mikorosho ya shule ile isingeshindwa hata swali moja.

Nilipoondoka, Mwalimu Mkuu alikuwa ameanza kuchimba mashimo mapya, kwa kuwa barua ilimtaka apande miti ya asili, naye hakujua miche ataipata wapi wala fedha za uji zitatoka wapi. Miti ya asili na apande, hilo jema, pembeni mwa uwanja pana nafasi ya kutosha. Lakini visiki vya mkorosho vikiachwa huchipua, na baadhi ya vile nilivyoviona vilikuwa vimekwisha kuanza. Mwalimu aliniuliza kama machipukizi nayo ayakate, maana barua haikusema. Sikuwa na madaraka ya kumjibu. Mwenye madaraka ni yule aliyeandika. Basi na aandike nyingine ya kuifuta ya kwanza, kwa mhuri uleule na lugha ileile ya amri, na ifike shuleni kabla mvua za Desemba hazijaanza.